AutoCAD, SketchUp au QGIS: uanze na ipi ukitaka kuwa msanifu wa mandhari Nyanda za Juu Kusini

Chukua kiwanja cha mita 25 kwa 35 chenye mteremko, cha aina ambayo Iringa mjini na Mbeya utaikuta kila mtaa wa mlimani. Bikoni (alama za mpaka) za juu na za chini zimepishana kimo kwa mita 3. Mwenye kiwanja anataka gari lifike mlangoni, bibi anayetumia kiti cha magurudumu aweze kushuka bustanini, na maji ya masika yasiingie sebuleni. Kabla hujafika kwenye maua, hesabu imeshakubana. Njia ya kiti cha magurudumu haitakiwi kuzidi mteremko wa 1 kwa 12, kwa hiyo kushuka mita 3 kunadai njia ya mita 36. Kiwanja chenyewe kina 35, na hapo hujaweka sehemu za kupumzikia. Lazima njia ipinde. Ngazi nazo, kwa kimo cha milimita 150, zinakuwa na vipandio 20. Kila kipandio kikiwa na upana wa kukanyaga wa milimita 330, zinakula zaidi ya mita 6.

Programu ya kuanza nayo ipimwe kwa kazi hiyo. Mahali tambarare unaweza kuanza na picha ya kuvutia halafu levo (vimo vya ardhi) zikaja baadaye. Huku kwetu levo ndiyo kazi yenyewe, na picha inayozipuuza humletea fundi hasara. Kwa hiyo ushauri unatoka mapema: AutoCAD (ya michoro ya vipimo) au programu ya ukoo wake kwanza, SketchUp (ya maumbo ya pande tatu) pili, QGIS (ya ramani) tatu. Kuna hali zinazogeuza mpangilio huo, nazo zimo humu.

AutoCAD: mchoro unaopimika kwa tepu

AutoCAD ilitoka 1982, na faili lake la DWG ndilo wanalopeana mpima ardhi, mhandisi na mchora ramani za nyumba. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuijua. Ukishindwa kufungua faili la mpima na kulirudisha likiwa salama, utabaki nje ya kazi hata kama una jicho zuri la bustani.

Faili la mpima likifika, usichore chochote kabla ya mambo mawili. La kwanza, pima kwa amri ya DIST kati ya bikoni mbili, ulinganishe na urefu ulioandikwa kwenye hati. Ukisoma 35.00, faili liko kwa mita. Ukisoma 35000, liko kwa milimita. Wapima huchora kwa mita, wachora majengo kwa milimita, na ukiingiza nyumba ndani ya kiwanja bila kuangalia, nyumba inakuwa kubwa mara 1,000 na kiwanja kinapotea chini yake. Weka INSUNITS (kipimo cha faili) kuwa 6 kwa mita au 4 kwa milimita katika mafaili yote mawili kabla ya kuyaunganisha.

La pili, angalia kama kontua (mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja) zina kimo kweli. Gusa mstari mmoja, fungua jedwali la sifa, usome Elevation. Mara nyingi utakuta 0, maana namba ya levo imeandikwa tu kama maandishi pembeni ya mstari. Kwa kiwanja cha mita 3 na kontua za kila nusu mita, mistari ni kama saba. Ipe vimo kwa mkono, ni kazi ya dakika chache, na itakuokoa ukifika kwenye SketchUp.

Baada ya hapo, leya, yaani tabaka za mchoro. Kontua za zamani ziwe za kukatika-katika, kontua mpya ziwe mstari mzima, kila moja kwenye leya yake. Miti, njia, mitaro na kuta vivyo hivyo. Sehemu zote zinazopimwa eneo uzichore kwa amri ya PLINE, mstari ufungwe, ili amri ya AREA ikupe mita za mraba bila kubahatisha. Faida yake inaonekana kwenye maji: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 linamwaga lita 4,800. Ukijua hivyo, hutaelekeza bomba la gata kwenye kitanda cha maua cha upana wa nusu mita juu ya ukuta wa kuzuia udongo.

Kufukua na kujaza nako kunahesabika bila programu ya bei kubwa. Chora mikato ya ardhi (ardhi ionekane kama imekatwa wima) kila mita 5, ya zamani na mpya, upime eneo lililo kati yake. Mkato mmoja ukiwa na mita za mraba 4.2 na unaofuata 5.6, wastani ni 4.9, zidisha kwa 5, unapata mita za ujazo 24.5. Udongo ukichimbwa huvimba. Ukichukua robo zaidi, zinakuwa karibu 30.6, na kama bodi ya tipa inabeba 5, agiza tripu 7. Anayekadiria kwa ujazo wa udongo ukiwa bado ardhini hupungukiwa tripu mbili, na wa kulaumiwa anakuwa dereva.

Mahali wanafunzi wengi wanapokwama ni ukurasa wa kuchapa. Mchoro uko kwa mita, karatasi iko kwa milimita. Unafungua dirisha la mchoro kwenye Layout, unachagua 1:100 kwenye orodha, na kiwanja chote kinageuka nukta. Kompyuta haijakosea: umeiambia milimita 1 ya karatasi ibebe mita 100, hivyo mita 35 zimekuwa theluthi ya milimita. Dawa ni kuingia ndani ya dirisha na kuandika ZOOM, kisha 10XP. Namba inatoka hapa: mita 1 ina milimita 1,000, gawanya kwa skeli ya 100, unapata 10. Kwa 1:200 andika 5XP, kwa 1:50 andika 20XP. Ukishapata, funga dirisha hilo lisisogee.

Kiwanja chetu kwa 1:100 ni milimita 250 kwa 350, na A3 ni 297 kwa 420. Kinaingia, jedwali la jina likiwa jembamba. Hili ni jambo zuri kwa sababu A3 ni rahisi kuchapisha kuliko A1. Ila mchapishaji akiacha "Fit to paper" imewashwa, skeli imekufa kimyakimya. Chora kipimo cha mita 10 chini ya ukurasa. Kikitoka chini ya milimita 100 kwenye rula, rudisha karatasi kabla fundi hajaiona.

Kwa miche, tumia bloku (alama za kurudia) zenye sifa: jina, ukubwa wa mche, nafasi. Mstari wa nyasi za vetiva wa kukinga udongo kukatisha upana wa kiwanja, mita 25 kwa nafasi ya sentimita 15, ni vipando 167. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyokufa, agiza 184. Duara la mti lichorwe kwa upana wa mti uliokomaa. Jakaranda iliyochorwa kwa ukubwa wa mche inaonekana inakaa vizuri mita 2 kutoka ukutani, na baada ya miaka kadhaa mizizi na matawi yake yanadai haki yao kwenye msingi na kwenye paa.

Udhaifu wa AutoCAD kwa mwanafunzi ni kwamba haikuonyeshi kosa la kimo. Mchoro wa juu unaweza kupendeza huku njia inapita hewani. Hapo ndipo ya pili inapoingia.

SketchUp: jicho na jua

SketchUp ilizaliwa 2000, ikanunuliwa na Google 2006, na tangu 2012 iko mikononi mwa Trimble. Ndani ya wiki mbili mtu anayejituma anaweza kusimamisha kuta, ngazi na paa. Mteja asiyesoma kontua anaelewa mara moja. Ila kuna toleo la bure la kwenye kivinjari na kuna Pro, na tofauti yake inauma: la bure haliingizi DWG, halina LayOut ya kupangia kurasa, ni kwa matumizi binafsi, na intaneti ikikatika kazi imesimama. Kujifunzia linatosha. Kufanyia kazi ya mteja, halitoshi.

Tatizo ambalo watu wa Mbeya hukutana nalo bila kujua jina lake ni umbali kutoka kwenye sifuri. Faili la mpima lina majira (namba za mahali) ya kweli: kiwanja cha Mbeya mjini kinakaa karibu na 550,000 mashariki na 9,016,000 kaskazini. AutoCAD inavumilia. SketchUp ikiingiza mchoro ulio kilomita elfu kadhaa kutoka kwenye sifuri yake, mistari inatetemeka, nyuso zinakatika unapokaribia, na duara halifungi. Wengine wanabadilisha kompyuta kwa ajili ya hilo! Chukua nakala ya faili kwenye AutoCAD, teua kila kitu, amri MOVE, shika bikoni moja, ipeleke 0,0. Andika majira ya asili ya bikoni hiyo ndani ya mchoro, ili siku ya kurudisha kazi kwa mpima urudi mahali pake. Halafu ndipo uingize SketchUp, ukichagua mita kwenye machaguo ya kuingizia.

Kontua zenye kimo zikishaingia, kifaa cha Sandbox cha From Contours kinazigeuza kuwa uso wa ardhi. Kama zote zilikuwa 0, unapata sakafu bapa; hilo ndilo jibu la swali "mbona mlima wangu haupandi". Uso huo ufanye kundi mara moja. SketchUp hugandisha kila kinachogusana, na ukichora njia juu ya ardhi isiyo kwenye kundi, kusogeza njia kutang'oa na kilima.

Jambo ambalo SketchUp inaishinda AutoCAD wazi ni kivuli. Kabla hujakiamini, weka mahali pa kiwanja, kwa sababu faili jipya hudhani uko Boulder, Marekani, na kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Mbeya iko karibu nyuzi 8.9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 58 hivi. Desemba liko kusini, karibu nyuzi 75. Weka ukanda wa saa kuwa UTC+3, na usishangae adhuhuri ya kweli ikitokea karibu saa 6:45, kwa kuwa sisi tuko magharibi ya mstari wa saa zetu.

Kwa Njombe na Makete hili ni suala la mimea kufa au kupona. Ukuta wa mita 3, adhuhuri ya Juni, unatupa kivuli cha karibu mita 1.9 upande wa kusini, na asubuhi na jioni zaidi ya hapo. Huo ndio ukanda ambako sakitu inachelewa kuyeyuka. Mche mchanga wa parachichi usiuweke hapo. Hewa ya baridi nayo hutiririka kama maji kuelekea bondeni, na ukuta usio na upenyo ulio chini ya mteremko huizuia ijae kama dimbwi. Programu haitakuonyesha hewa hiyo. Mkato wa ardhi ukiusoma vizuri utaiona mwenyewe.

Faili likianza kuwa zito, mara nyingi mkosaji ni miti ya kupakua. Mti mmoja wenye majani ya kuchongwa unaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko nyumba nzima. Tumia miti bapa inayogeuka kumfuata mtazamaji, kisha safisha kwa Purge Unused kwenye Model Info, sehemu ya Statistics.

QGIS: kujua maji yanatoka wapi

QGIS ni ya bure kabisa, hata kwa kazi ya kulipwa, na haibani kompyuta ya kawaida. Haichori bustani. Inajibu swali la nje ya ukuta: juu ya kiwanja chako kuna eneo gani linalomwaga maji kwako? Pakua data ya kimo ya SRTM, nenda Raster, Extraction, Contour, na ndani ya nusu saa una umbo la mlima mzima.

Tahadhari mbili. Kila pikseli ya SRTM ni kama mita 30, yaani kiwanja chetu chote ni karibu pikseli moja tu. Kontua za nusu mita kutoka humo ni za kubuni, hata zikichorwa kwa ulaini wa hariri. Kwa ndani ya kiwanja hitaji vipimo vya ardhini: gridi ya mita 5 kwenye 25 kwa 35 ni nukta 48, na mpira wa maji wa mafundi ukishikwa na watu wawili makini unazimaliza kwa siku moja.

Ya pili ni mfumo wa majira. Mbeya, Njombe na Iringa mjini ziko ukanda wa 36 kusini wa UTM, mfumo wa majira kwa mita. Vipimo-msingi vyake ni viwili: kwa WGS 84 namba ya kuchagua ni EPSG 32736, kwa Arc 1960 ni 21036. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, GPS ya simu iko kwenye WGS 84, na ukizichanganya kiwanja kinahama karibu mita 300. Kosa hili linaonekana kwa macho, mradi uweke picha ya setilaiti chini yake na ulitafute.

Kwa mtazamo mmoja

| Kazi | AutoCAD | SketchUp Pro | QGIS |
|---|---|---|---|
| Faili la mpima | Bila shida | Lisogezwe kwenye sifuri kwanza | Sawa, ukijua mfumo wa majira |
| Levo na mikato | Hapa ndipo nyumbani kwake | Inaonyesha kosa haraka | Eneo kubwa tu |
| Kivuli | Haifai kwa mwanzo | Bora kuliko zote | Hapana |
| Orodha ya miche | Bloku zenye sifa | Generate Report | Hapana |
| Karatasi ya fundi | Ndiyo | Ndiyo, kwa LayOut | Ramani ya eneo |
| Leseni | Ya kulipia. Bure kwa mwanafunzi | Ya kulipia | Bure |

Autodesk humpa mwanafunzi aliyethibitishwa AutoCAD bure kwa mwaka, naye huhuisha kila mwaka, lakini leseni hiyo hairuhusu kazi ya malipo. Ukimaliza chuo na mfuko bado mdogo, LibreCAD ni ya bure na inachora bapa vizuri. Inaishi kwenye DXF, faili la kubadilishania michoro, hivyo mwombe mpima ahifadhi faili lake kwa DXF badala ya DWG. Matoleo ya kukraki yanayosambazwa kwa fleshi usiyaguse. Mbali na sheria, ndiyo njia ya kawaida ya virusi kuingia kwenye kompyuta yenye kazi zako zote.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kwa AutoCAD ya bapa na QGIS. SketchUp yenye miti inataka 16 na kadi ya picha yake yenyewe. Kwa kuwa umeme unakatika, shusha SAVETIME (muda wa kujihifadhi) ya AutoCAD kutoka 10 hadi dakika 5, na ujue kwamba faili la akiba la .bak hurudi kuwa mchoro ukilibadilisha jina liwe .dwg.

Lini ugeuze mpangilio

Kama umeshaajiriwa kwenye kitalu cha miche na wateja wanakuja na viwanja vidogo vilivyokwisha kusawazishwa, anza na SketchUp. Utauza kazi mwezi wa pili. Kama unatoka misitu, kilimo au mipango miji na unalenga vyanzo vya maji na maeneo makubwa, anza na QGIS. Wengine wote, wiki 10 hadi 12 za AutoCAD, saa moja na nusu kila siku, kwenye kiwanja halisi ulichokipima mwenyewe. Mazoezi ya kunakili michoro ya mtandaoni hukufundisha amri, hayakufundishi kujiuliza maji yataenda wapi levo ya mlango ikiwa chini ya levo ya barabara.

Njia za kuingia kwenye taaluma

Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha usanifu wa mandhari, na chuo kikuu cha JKUAT cha Kenya kina shahada yake. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka: unapata mimea, udongo, maji na ubunifu kwa pamoja. Gharama yake ni kuishi mbali na nyumbani miaka kadhaa.

Njia ya karibu ni usanifu majengo pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Iyunga, Mbeya. Utatoka ukijua majengo vizuri na ardhi kwa juujuu, hivyo mimea na mifereji uitafute mwenyewe, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole hakiko mbali kwa maswali ya udongo na mazao. Faida ni kwamba unaingia ofisini kama msanifu na kukabidhiwa eneo la nje ambalo wenzako hawalitaki. Ndivyo utaalamu unavyoanza kwa wengi.

Ya tatu ni stashahada au cheti cha uchoraji, halafu kazi kwenye ofisi ya mpima au mkandarasi. Inalipa mapema na inakufundisha levo kuliko darasa lolote. Mpaka wake uujue tangu mwanzo: kuchora ni jambo moja, kusaini michoro ya kuombea kibali ni lingine. Usajili wa wabunifu majengo uko chini ya AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi), kwa Sheria Na. 4 ya 2010, na asiyesajiliwa hufanya kazi chini ya aliyesajiliwa.

Kwa njia yoyote utakayoshika, kabrasha la kazi liwe na karatasi nne za kiwanja kimoja kuliko picha ishirini za viwanja ishirini: levo za zamani na mpya kwa 1:100, mikato miwili, mpango wa miche wenye idadi, na mchoro wa kina wa mtaro au ukuta kwa 1:10 ukionyesha kokoto na tundu la kutolea maji nyuma ya ukuta. Picha ya SketchUp iwe ya tano. Mwajiri anayeijua kazi ataanzia kwenye mkato, ataweka rula juu yake, na atakuuliza maji yanatokea wapi.